Sukari ya Damu na Degedege Mwambao wa Ziwa Nyasa

Degedege la mtoto mwenye malaria na kifafa cha mtu mzima, ukivitazama kwa nje, ni kama kitu kimoja: mwili unakakamaa, macho yanageuka, mikono na miguu inarukaruka, povu linatoka mdomoni. Hata ndani ya kichwa vinafanana. Maelfu ya seli za ubongo ambazo kwa kawaida hupokezana kazi huanza kufyatuka zote kwa mpigo. Tofauti iko kwenye kilichozifyatua, na katika orodha ndefu ya vinavyoweza kufanya hivyo, sukari ya damu ina tabia ya ajabu: hutenda pande zote mbili. Ikiporomoka ghafla, huleta degedege. Ikipunguzwa taratibu kwa mpango maalumu wa chakula, baadhi ya watoto ambao dawa zimewashindwa huacha kuanguka.

Upande wa kwanza ndio unaowahusu zaidi watu wa Ikolo na kata nyingine za tambarare ya Kyela. Mkoa wa Mbeya unajulikana kwa baridi na milima, lakini Kyela iko chini, mita 500 hivi juu ya usawa wa bahari, penye joto na maji. Mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo inashuka kutoka milimani na kumwaga maji yake ziwani, na masika ikikolea mashamba ya mpunga na njia zake huwa maji matupu. Mchele uliolipatia jina eneo hili hutoka kwenye madimbwi hayohayo yanayolea mbu. Ndiyo maana malaria, ambayo mtu wa Tukuyu, huko milimani, aliyekulia kwenye ubaridi anaweza kuiona ugonjwa wa kupita, huku chini ni mgeni wa kila nyumba.

Mwendo wa ugonjwa wenyewe karibu kila mzazi anaujua. Mtoto wa miaka miwili anakula wali kidogo magharibi. Usiku anachemka. Asubuhi anakataa uji, mchana anatapika hata maji, jioni amelegea mgongoni kwa mama yake. Kinachohesabiwa nyumbani ni homa: imepanda, imeshuka, amepewa panadoli saa ngapi. Kisichohesabiwa ni saa zilizopita tangu chakula cha mwisho kikae tumboni, nazo kwa mtoto huyu zinakaribia 24.

Saa hizo zina maana kubwa kwa sababu ya jinsi ubongo unavyokula. Kwa mtu mzima, ubongo ni asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini unatumia takriban asilimia 20 ya nishati yake, na chakula chake cha kila siku ni glukosi, yaani sukari ile rahisi inayobaki baada ya wali, ndizi au ugali kusagwa tumboni. Ubongo wa mtoto mdogo ni mlafi zaidi: akiwa na umri wa miaka mitano hivi, unachukua zaidi ya theluthi moja ya nishati yote ya mwili. Wakati huohuo ubongo hauna ghala la maana. Misuli ina akiba yake, mafuta yana akiba yake, lakini ubongo unategemea kinacholetwa na damu dakika hadi dakika. Mtu asipokula, ini ndilo linalobeba mzigo. Kwanza linavunja glaikojeni, sukari iliyofungwa na kuwekwa akiba; hiyo ikiisha linatengeneza glukosi mpya kutoka kwenye protini na mabaki mengine ya mwili. Ini la mtoto mdogo ni dogo na akiba yake haifiki mbali.

Malaria kali inaishambulia akiba hiyo kutoka pande kadhaa. Homa inaongeza matumizi. Kutapika kunafunga mlango wa kuingizia. Vimelea vyenyewe, vinavyokaa ndani ya chembe nyekundu za damu, hula glukosi kwa pupa: chembe yenye kimelea kilichokomaa hutumia sukari mara nyingi zaidi kuliko chembe safi, na taka inayotoka ni asidi ya lakteki, ambayo nayo inauchosha mwili. Juu ya hayo, ini la mgonjwa wa malaria kali hushindwa kutengeneza glukosi mpya kwa kasi inayohitajika. Shirika la Afya Duniani huhesabu kuwa sukari ya mgonjwa wa malaria kali imeshuka kwa kiwango cha hatari ikiwa chini ya milimoli 2.2 kwa lita, sawa na miligramu 40 kwa desilita. Mtoto mwenye kipimo hicho anaweza kuwa amezimia, na homa ikasingiziwa kila kitu.

Kwa muda mrefu dawa yenyewe ilichangia. Kwinini huichokoza kongosho itoe insulini, na insulini huishusha sukari. Jambo hilo lilielezwa kwa ushahidi mwaka 1983 na madaktari waliokuwa wakitibu malaria kali nchini Thailand. Walioathirika zaidi walikuwa wajawazito. Ilidhaniwa basi kwamba hata kwa watoto wa Afrika mkosaji ni kwinini. Ng'ambo ya Mto Songwe, nchini Malawi, kundi la watafiti wa Blantyre likiwa na Terrie Taylor na Malcolm Molyneux lilionyesha mwaka 1988 kwamba sivyo: baadhi ya watoto walifika hospitali sukari ikiwa imeshaporomoka kabla ya tone la kwanza la kwinini, na insulini yao ilikuwa chini kama inavyotakiwa. Kwao tatizo lilikuwa ugonjwa na njaa.

Hata hivyo kuiacha kwinini kulisaidia. Jaribio kubwa la AQUAMAT, lililochapishwa mwaka 2010, liliwahusisha watoto 5,425 wenye malaria kali katika nchi tisa za Afrika, Tanzania ikiwemo. Nusu walipewa sindano ya artesuneti, nusu kwinini. Vifo vilikuwa asilimia 8.5 kwa artesuneti na 10.9 kwa kwinini. Tofauti hiyo ilitosha kubadili miongozo ya tiba, lakini kwa habari hii kuna namba mbili ndogo za kutazamwa pamoja. Walioporomokewa na sukari baada ya kuanza tiba walikuwa asilimia 1.8 upande wa artesuneti na 2.8 upande wa kwinini. Waliopata degedege baada ya kulazwa walikuwa asilimia 8.3 dhidi ya 10.1. Namba hizo hazithibitishi kwamba moja ilileta nyingine. Zilishuka pamoja tu.

Kwa nini ubongo wenye njaa ufyatuke, badala ya kuzimika kimya kama taa iliyoishiwa mafuta? Jibu liko kwenye ukuta wa seli ya neva. Seli hiyo ikiwa imetulia haipumziki. Inapampu sodiamu kwenda nje na kuvuta potasiamu ndani, usiku na mchana, na pampu hizo hula sehemu kubwa ya nishati yote ya ubongo. Glukosi ikipungua ghafla, pampu zinalegea. Potasiamu inavuja na kujaa nje ya seli, hali inayozifanya seli za jirani ziwe nyepesi kuwaka. Glutameti, kemikali ambayo seli moja huitumia kuiamsha nyingine, haifagiliwi kwa wakati na inaendelea kugonga mlango. Tena seli zenye kazi ya kuwatuliza wenzao zina mwendo wa kasi na matumizi makubwa, hivyo ni miongoni mwa za kwanza kuchoka. Breki inakatika kabla ya injini. Baadaye, njaa ikizidi, injini nayo hufa, na kinachofuata ni kupoteza fahamu.

Degedege nalo halina huruma na mfuko wa mtu: seli zinazofyatuka kwa pamoja hutumia glukosi nyingi kuliko wakati wowote mwingine. Degedege lililoletwa na upungufu wa sukari linaongeza upungufu huohuo. Mtoto anayerudiwa mara ya tatu si kwamba ana bahati mbaya tu. Yumo ndani ya mduara unaojizungusha wenyewe.

Uzito wa jambo hili ulifichwa na jina. Sehemu nyingi za Tanzania degedege lilihesabiwa kuwa ugonjwa wa peke yake, usiohusiana na malaria, ulioletwa na ndege au shetani. Utafiti uliofanywa Bagamoyo na kuchapishwa mwaka 1996 ulieleza jinsi wazazi walivyoanza kwa mganga, ambako mtoto alifukizwa kinyesi cha tembo au kukojolewa, na jinsi wengi walivyoogopa kwamba mtoto wa degedege akichomwa sindano atakufa. Hofu hiyo haikuwa ujinga mtupu. Aliyefikishwa hospitali akiwa amechelewa mno alikufa muda mfupi baada ya sindano, na majirani waliona walichokiona. Kilichomuua ni saa zilizopotea, na ndani ya saa hizo ilikuwemo sukari iliyokuwa ikishuka bila kupimwa.

Wanaopona hawaondoki wote salama. Huko Blantyre, Gretchen Birbeck na wenzake waliwafuatilia watoto 132 walionusurika malaria ya ubongo na kuwalinganisha na wenzao 264 waliolazwa kwa maradhi mengine bila kuzimia. Matokeo yalitolewa mwaka 2010: 12 kati ya wale wa malaria ya ubongo walipata kifafa, na katika kundi la pili hakupata hata mmoja. Kwa hiyo sehemu ya kifafa kinachoonekana leo shuleni na mashambani mwambao wa Nyasa yaelekea ilipandwa miaka ya nyuma, katika homa iliyosahaulika.

Malaria si ya lazima ili mambo haya yatokee. Muzaffarpur, kaskazini mwa India, watoto walikuwa wakiamka alfajiri na degedege kila msimu wa tunda la lichi, miaka nenda rudi, na virusi vikatafutwa bila kupatikana. Katika msimu wa 2014 watoto 390 walilazwa katika hospitali mbili na 122 wakafa. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba wengi walikuwa wameshinda bustanini wakila lichi na kulala bila chakula cha jioni. Lichi, hasa bichi, ina sumu zinazolizuia ini lisitengeneze glukosi mpya na lisichome mafuta. Mtoto aliyelala na njaa akaamka bila sukari na bila mbadala wake. Ushauri uliotolewa kwa wazazi ulikuwa mfupi kuliko ripoti yoyote: mtoto asilale bila kula.

Neno mbadala hapo ndilo ufunguo wa upande wa pili wa habari hii. Mtu akikaa bila wanga kwa siku kadhaa, ini lake hugeuza mafuta kuwa ketoni, na ubongo hujifunza kuzila. Njaa ya ghafla haitoi nafasi hiyo. Njaa ya taratibu huitoa. Kwamba kufunga kula hutuliza kifafa ni habari ya kale. Mwaka 1911 madaktari wawili wa Paris, Guelpa na Marie, waliandika kuhusu wagonjwa wa kifafa waliotibiwa kwa kufungishwa chakula. Tatizo ni kwamba hakuna anayeweza kufunga milele. Mwaka 1921 Russell Wilder wa Mayo Clinic, Marekani, akapendekeza njia ya kuudanganya mwili: mgonjwa ale, lakini chakula chake kiwe karibu mafuta matupu, ili ini liendelee kutoa ketoni kana kwamba amefunga. Akakiita chakula cha ketoni.

Kilitumika sana hadi dawa ya fenitoini ilipoingia mwaka 1938. Kidonge ni rahisi kuliko mizani ya jikoni, na chakula hicho kikasahauliwa kwa nusu karne. Kilirudi miaka ya 1990, na mwaka 2008 hospitali ya watoto ya Great Ormond Street, London, ilitoa matokeo ya jaribio la watoto 145 ambao dawa zilikuwa hazijawasaidia. Baada ya miezi mitatu, asilimia 38 ya waliopewa chakula hicho walikuwa wamepungukiwa na kifafa kwa zaidi ya nusu; kwa walioendelea kama kawaida ilikuwa asilimia 6.

Kinachofanyika ndani bado kina mabishano, lakini nyuzi chache zimeshikika. Ukuta wa seli za neva una milango ya potasiamu inayohisi kiasi cha nishati: nishati itokanayo na glukosi ikipungua, milango hufunguka, potasiamu hutoka kidogokidogo na seli inakuwa nzito kuamka. Mwaka 2012 watafiti wa Boston waliwabadili panya protini moja iitwayo BAD ili seli zao zipende ketoni kuliko glukosi. Panya hao wakawa wagumu kupata kifafa, na milango ile ilipoondolewa kinga yao ikatoweka. Miaka sita kabla, katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, panya walipewa deoksiglukosi, sukari bandia inayoingia kwenye seli na kukwama njiani kama gari lililozama kwenye tope. Usagaji wa glukosi ulipunguzwa, na kifafa chao kikachelewa kukua. Tofauti na mtoto wa malaria ni kwamba panya hawa walibaki na nishati ya kutosha kuendesha pampu. Kilichopunguzwa ni mkondo mmoja wa chakula, si chakula chote.

Maumbile nayo yamefanya jaribio lake. Mwaka 1991 Darryl De Vivo wa New York alieleza habari za watoto wachanga wawili wenye degedege lisilokoma. Sukari ya damu ilikuwa sawa, lakini kwenye maji ya uti wa mgongo ilikuwa chini. Kibebeo kinachoivusha glukosi kutoka damu kwenda ubongoni kilikuwa na kasoro: chakula kipo sokoni, kivuko kimeharibika. Kwa watoto wa aina hii dawa za kifafa mara nyingi hazifui dafu, na chakula cha ketoni ndiyo tiba yenyewe, kwa kuwa ketoni hupita kwa mlango mwingine.

Wagonjwa wa kisukari hutoa ushahidi wa tatu. Mzee ambaye sukari yake imepanda mno bila ketoni anaweza kuanza kutikisika mkono mmoja au upande mmoja wa uso kwa saa nyingi; dawa za kifafa hazimsaidii sana, na fenitoini inaweza hata kuiongeza sukari kwa kuzuia insulini. Anatulia akipewa maji na insulini. Mwenye sukari ya juu pamoja na ketoni, ingawa ni mgonjwa hoi, mara chache hupata kifafa. Na anayemeza vidonge vya kushusha sukari, kama glibenklamaidi, kisha akaenda shamba bila kula, yumo katika hatari ileile ya mtoto wa malaria.

Je, chakula cha ketoni kinafaa Kyela? Kwenye karatasi vitu vipo: samaki wa ziwa, parachichi za Rungwe, mawese ya nyumbani. Kwenye sahani hesabu ni ngumu. Utaratibu wa asili unataka gramu 4 za mafuta kwa kila gramu 1 ya protini na wanga kwa pamoja, na hata ule uliolegezwa huruhusu gramu 10 hadi 20 tu za wanga kwa siku. Sahani ya wali yenye gramu 200 ina zaidi ya gramu 50. Ndizi na ugali vimo katika kosa hilohilo. Ni kumwambia mtoto wa Kinyakyusa akae mezani na kuacha karibu kila kilichopo. Mawese nayo si dawa. Mafuta yanayotengeneza ketoni haraka yamo kidogo kwenye kokwa ya mchikichi, na kwenye nyama ya tunda ni kama hayamo. Zaidi ya hapo, chakula hiki huweza kuleta mawe ya figo na kudumaza ukuaji, na mtoto mwenye kasoro ya kuchoma mafuta kinaweza kumuua. Huanzishwa hospitalini, chini ya daktari na mtaalamu wa lishe, baada ya dawa kushindwa. Kumnyima chakula nyumbani mtoto mwenye kifafa, hata kwa nia ya maombi, ni kumrudisha kwenye ile njaa ya ghafla. Walio wengi hutulia kwa fenobabitali au kabamazepini zikimezwa kila siku bila kukatishwa, na mwenye kifafa kilichotokana na tegu wa nguruwe anahitaji uchunguzi wake tofauti.

Linalowezekana Ikolo leo usiku ni dogo zaidi. Mtoto mwenye homa anyonyeshwe au apewe uji mwepesi kidogokidogo hata akikataa mara mbili. Degedege likimpata, alazwe ubavu, asiwekewe kijiko wala kitu chochote mdomoni mpaka litulie. Akibaki amezimia asinyweshwe soda wala chai, kwa sababu itaingia mapafuni. Shirika la Afya Duniani linaeleza njia ya kutumika pale dripu isipokuwepo: kijiko kimoja cha chai cha sukari, kiloweshwe kwa tone moja au mawili ya maji, kiwekwe chini ya ulimi, na kirudiwe kila dakika 10 hadi 20. Sukari hiyo haitibu malaria. Inamshikilia mtoto njiani tu. Akifika zahanati, mzazi ataje saa ambayo mtoto alikula mara ya mwisho, na aombe apimwe sukari pamoja na malaria.